Je, wajua mtungi wa plastiki na pakiti ya maziwa ni kitu kimoja?

Kwenye jaa la Dandora, Nairobi, mtungi huingia gunia moja na pakiti laini ya maziwa gunia jingine. Kwa mkemia, vyote ni polithini, kaboni na haidrojeni basi. Kinachovitenga ni matawi. Molekuli za mtungi ni minyororo mirefu isiyo na matawi ila machache mno. Hulala zikabanana kama fito zilizofungwa tita, ndiyo maana mtungi ni mgumu na huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Za pakiti zina matawi, hazibanani, hivyo hulegea mapema.

Kama mkono wa mwokotaji taka unaijua tofauti hiyo, maabara ya nini? Mkono hupima ulaini, na ulaini hutokana zaidi na wingi wa matawi. Urefu wake hauujui. Polithini iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, kwa shinikizo kubwa mno, ina matawi mafupi na marefu. Baada ya Karl Ziegler kupata mwaka 1953 kichocheo cha kuunda minyororo iliyonyooka, viwanda vilijifunza kuipachika matawi mafupi tu. Aina hizo mbili zinaweza kuwa na densiti ileile, 0.92, lakini zikiyeyushwa na kupulizwa kuwa karatasi, yenye matawi marefu hushika umbo vizuri zaidi. Anayesaga taka mtaani Kariobangi akizichanganya bila kujua, mashine ndiyo itakayomwambia.

Maabarani, miale ya infraredi huhesabu ncha za matawi, kwa kuwa kila tawi huishia kwenye kaboni yenye haidrojeni tatu. Lakini ncha ni ncha, tawi liwe fupi au refu. Mtambo wa sumaku unaosoma viini vya kaboni hutofautisha matawi mafupi, ila kuanzia kaboni sita huyaona yote sawa. Hapo sampuli huyeyushwa katika kimiminika cha moto, molekuli zikachujwa kwa ukubwa, kisha zikamulikwa kwa leza: kwa uzito uleule, yenye matawi marefu huwa imejikunyata. Bruno Zimm na Walter Stockmayer walishapiga hesabu ya kujikunyata huko mwaka 1949.

Njia hiyo ni ghali, kweli. Kipimo rahisi ni kuikamua plastiki kwenye tundu dogo, nyuzijoto 190, chini ya uzani wa kilo 2.16, na kupima gramu zinazotoka kwa dakika 10. Ukirudia kwa kilo 21.6, yenye matawi marefu huongeza kasi kupita kiasi. Hata mchanganyiko wa minyororo mifupi na mirefu hufanya hivyo, kwa hiyo kipimo hiki huzua shaka tu. Ushahidi hubaki kwa leza.