Kiuno kinauma, lakini figo je?

Mgonjwa anayeingia ameshika kiuno na kusema, "Daktari, figo zangu hizi," mara nyingi figo zake ni nzima. Kinachomuuma ni misuli au pingili za mgongo. Yule ambaye figo zake zimeanza kuharibika kweli huja kwa shida nyingine kabisa, na ukimuuliza anaumwa wapi, anasema hapana pahali.

Nyama ya ndani ya figo haihisi maumivu. Kinachouma ni utando unaoifunika unapovutwa, au njia ya mkojo inapozibwa na jiwe. Kwa hiyo mawe huuma sana, na maambukizi makali huuma ubavuni pamoja na homa na kutetemeka. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo huharibu figo za watu wazima wengi kuliko kitu kingine, hufanya kazi yao kwa miaka bila kelele.

Basi tazama mkojo. Kila siku figo huchuja takribani lita 180 za maji kutoka kwenye damu na kuyarudisha karibu yote. Yanayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hadi mbili. Protini inatakiwa kubaki kwenye damu. Chujio likilegea, protini hupita, na mkojo hutoa povu kama la sabuni lisilotoweka haraka. Povu la siku moja lisikutishe. La kila siku lipimwe. Angalia pia kama miguu inavimba jioni soksi zikaacha alama, na kama umeanza kuamka usiku kukojoa mara mbili au tatu, ingawa hilo laweza pia kuwa sukari au tezi dume.

Kwa mzazi, kuna dalili moja naomba uikariri: uso wa mtoto kuvimba asubuhi, hasa kuzunguka macho, kisha kupungua kadiri siku inavyokwenda. Wengi huambiwa ni aleji, wakapewa dawa ya matone, wiki zikapita. Wengine nyumbani husifiwa kwamba mtoto amenenepa, mpaka viatu vinapombana na tumbo kujaa. Huyu huwa anapoteza protini kwenye mkojo, na watoto wengi wa aina hii hupata nafuu kwa vidonge vya steroidi, mradi vitolewe na daktari na visikatishwe kienyeji.

Mwingine mkojo wake hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, wiki moja au mbili baada ya kuumwa koo, au wiki kadhaa baada ya vidonda vya ngozi. Usisubiri kesho. Presha ya mtoto huyu inaweza kupanda ghafla hadi akapata degedege.

Damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa, kwa mtoto anayeoga mtoni au bwawani, Kanda ya Ziwa au Unguja na Pemba, fikiria kichocho. Dawa yake ipo. Kikiachwa miaka mingi huziba njia ya mkojo na figo huumia.

Vipimo vya kuanzia ni vitatu: mkojo kwa kijiti, presha, na kreatinini kwenye damu. Usiridhike na kreatinini peke yake, maana inaweza kusoma kawaida hata figo zikiwa zimepoteza karibu nusu ya uwezo wake. Mwenye kisukari au presha apime vyote kila mwaka, hata akijisikia mzima.

Turudi kwa yule wa kiuno. Hofu yangu kwake ni diklofenaki na ibuprofeni anazonunua duka la dawa na kumeza wiki baada ya wiki. Hizo ndizo zinazoweza kuharibu figo zilizokuwa nzima, hasa kama ana umri mkubwa, ana presha au hanywi maji ya kutosha. Akija kupima, aje na mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye chupa safi, pamoja na dawa zote anazotumia, na za mitishamba zikiwemo.