Mbio, Haraka na Wepesi

Watu wengi hudhani ya kuwa mbio, haraka, hima na wepesi ni neno moja lenye sura nyingi. Sivyo. Kila neno lina kazi yake, na mwalimu afundishaye, au karani afasiriye barua ya Kiingereza, yampasa kuyapambanua.

Na tutazame kwanza hapa Misigiri. Barabara itokayo Singida kwenda Nzega hupita kwetu, kisha huteremka mlima wa Sekenke mpaka Shelui. Lori lililojaa mizigo likikatika breki mlimani huenda mbio sana, lakini hakuna asemaye kuwa ni jepesi, kwa sababu penye kona halimtii dereva wake. Mbuzi arukaye toka jiwe hata jiwe hawezi kulishinda lori lile kwa mbio, lakini yeye ni mwepesi: hugeuka atakapo, husimama atakapo. Basi, mbio hueleza njia inavyopitwa. Wepesi hueleza jinsi mwili unavyomtii mwenyewe.

Haraka ni neno la Kiarabu, na huko asili yake ni mwendo tu. Sisi tumelipa maana ya moyo usiotaka kungoja. Ndiyo sababu wazee husema haraka haraka haina baraka, wala hakuna asemaye ya kuwa wepesi hauna baraka. Hima nayo yatoka Kiarabu, na asili yake ni bidii ya moyo. Mkubwa amwambiaye mjumbe, “Nenda hima,” hamwamuru kukimbia, bali asilegee njiani.

Waingereza nao wana maneno mengi ya namna hii. “Quick” zamani lilikuwa na maana ya kitu chenye uhai. “Fast” lilikuwa na maana ya kushikamana imara, na hata leo rangi isiyochujuka huitwa hivyo. “Nimble” lina asili moja na neno la kale la kutwaa, nalo ndilo lililo karibu na wepesi wetu. Lakini “hasty” ni mwenye pupa, na mara nyingi ni lawama. Mwalimu akiandika neno hilo katika taarifa ya mtoto, na mfasiri akamwambia baba, “Mwanao ni mwepesi,” baba atafurahi bure, na mtoto hataonywa.

Mfano mwema wa kuyapambanua maneno haya ni Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, hata picha ya mwisho wa njia ikaamua mshindi. Kilometa 42 na zaidi Simbu alikwenda mbio pasipo haraka, akitunza nguvu zake. Na katika hatua za mwisho, wepesi ukampa ushindi.

Basi, kabla ya kuandika au kufasiri, ulizeni: Je, nasema juu ya njia, juu ya mwili, au juu ya moyo? Mkijua hilo, neno lifaalo litakuja lenyewe.