Mshale Usioaminika: Kuchunguza Geji za Trekta la Zamani

Mvua ya masika katika upande wa Kinango haimngoji mtu. Nchi hii ya bara ya Kwale ni kavu kuliko pwani ya Diani na Msambweni, na mkulima wa mahindi ambaye shamba lake halikulimwa kwa wakati aweza kukosa mavuno ya msimu mzima. Ndiyo sababu trekta likisimama siku hizo, hasara si ya mwenye trekta peke yake, bali ni ya kila mtu anayengoja zamu yake.

Matrekta ya zamani bado yalima Afrika ya Mashariki. Massey Ferguson 135, mathalani, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, na lingali laonekana mashambani. Injini yake ya Perkins yenye silinda tatu ni mvumilivu, lakini geji zilizo mbele ya dereva zaweza kuchoka kabla yake. Hapo madereva huanguka katika makosa mawili. Mmoja huuamini mshale uliokufa. Mwingine, akiisha kudanganywa mara moja, huzoea kuupuuza hata siku ile usemapo kweli. Wote wawili huua injini.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: geji ikionyesha hatari, ichukuliwe kuwa yasema kweli mpaka ithibitike kuwa ni ya uongo. Trekta lisimamishwe na injini izimwe. Oili ipimwe kwa kijiti chake. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe mpaka injini ipoe, kwa maana mvuke humchoma mtu vibaya sana. Kisha maji yatazamwe, na ukanda wa feni, na majani yaliyoziba rejeta. Vyote vikiwa vyema, ndipo geji yenyewe ishtakiwe.

Taa ya oili ina jaribio jepesi la kila asubuhi. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawashwa, taa hiyo sharti iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua au waya umekatika. Dereva asifurahie kutoiona taa nyekundu, maana taa iliyokufa haiwezi kumwonya. Ikiwa taa haizimiki injini ikinguruma, na oili imejaa sawasawa, injini izimwe, na fundi aondoe swichi ya oili na kufunga geji ya kupimia msukumo mahali pake. Msukumo ukiwa mzuri, swichi ndiyo mbovu. Ukiwa mdogo, taa ilisema kweli, na trekta lisirudi shambani mpaka injini itengenezwe.

Geji za joto ni za namna mbili. Ya kwanza haina umeme. Ina bomba jembamba la shaba litokalo kwenye geji mpaka kwenye injini. Ncha ya bomba hilo ikitiwa katika maji yanayochemka, mshale hupanda ikiwa geji ni nzima. Bomba likipasuka, hapana budi geji yote ibadilishwe.

Ya pili ni ya umeme, nayo ina sensa iliyofungwa katika injini na waya mmoja. Ufunguo ukiwa umezungushwa, waya ule uondolewe kwenye sensa na kugusishwa kidogo tu kwenye chuma kisafi cha injini. Mshale ukikimbilia upande wa moto, geji na waya ni vizima, na kosa ni la sensa. Usipotikisika, zichunguzwe fyuzi na waya, kisha geji. Waya usishikizwe hapo kwa muda mrefu, usije ukaiunguza geji. Tena, geji ya joto na ya dizeli zikikosea pamoja, ni nadra sensa mbili kufa siku moja; kitafutwe kitu kinachozihudumia zote mbili, kama kile kifaa cha kusawazisha umeme nyuma ya dashibodi.

Iko hatari moja iliyojificha. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakivuja yakawa chini yake, sensa hubaki hewani, na mshale waweza kushuka kana kwamba injini imepoa, kumbe yaungua. Mshale ushukao ghafula katikati ya kazi nzito si habari njema.

Kwa watu wa Kinango jambo hili lina uzito zaidi. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi; jina la Maji ya Chumvi, kwenye njia ya reli ya Mombasa, latosha kuwa ushahidi. Maji hayo yakitiwa katika rejeta huacha ukoko juu ya sensa na kuleta kutu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati, pamoja na dawa ya rejeta, ni bora. Sensa mpya nayo isizungushiwe utepe mwingi kwenye hesi zake, kwa kuwa umeme warudi kupitia hapo hapo.

Kazi hizi zahitaji spana chache, sufuria ya maji moto na subira. Zifanywe kabla ya mvua, si siku ya kulima. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta; na kujenga ukuta huku majirani wanapanda ni kazi chungu.