Plagini imegoma, bibi yuko mlangoni!

STUDIO yenyewe ni chumba kimoja tu pale Ndanda, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Masasi. Ukutani wametundika magodoro na magunia ya korosho ili sauti isirudi. Mezani kuna laptopu moja, spika mbili na maiki iliyovishwa soksi. Mwenye studio ni binamu yangu, kijana ambaye mtaani wanamwita Prodyuza. Jina lake halisi nalihifadhi, maana kisa chenyewe kinamtia aibu.

Msimu wa korosho ulipokwisha, kikundi cha akina mama wa ngoma kilishuka kutoka Newala, huko juu kwenye Uwanda wa Makonde. Walikuwa wamechangishana pesa za korosho ili warekodi nyimbo nne. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mwenye sauti ambayo, bwana wee, ukiisikia unasahau hata ulichokuwa unakifanya. Waliimba kutwa nzima. Prodyuza akasevu kazi, akawaambia warudi baada ya siku mbili.

Usiku ule jamaa akataka mbwembwe. Akachomeka flashi aliyopewa kijiweni, ndani yake mkiwa na otochuni ya "kreki", yaani ile iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Maelekezo yakasema zima kwanza antivairasi. Naye akazima! Kulipokucha, mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina na hayafunguki. Nyimbo nne zote zimekwenda na maji.

Bibi alipofika hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, sauti ya juzi haiimbiki leo."

Msomaji wangu, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae na Prodyuza siku tatu kujifunza kitu hiki kiitwacho plagini. Maana siku hizi kila kijana mwenye laptopu anajiita prodyuza, lakini ukimuuliza plagini inakaa wapi, anakuna kichwa.

PLAGINI NI MNYAMA GANI?

Ni programu ndogo isiyoweza kusimama peke yake. Inaishi ndani ya programu mama kama FL Studio, Cubase au Reaper, na kazi yake ni kuitia sauti vionjo. Rivabu inaleta mwangwi wa jengo kubwa. Aliyewahi kusikia kwaya ndani ya kanisa la abasia ya Wabenediktini pale Ndanda anajua nasema nini. Kompresa inashusha sauti inapopaa mno. Ikwalaiza inapunguza besi au kuongeza ukali. Dilei inarudia neno. Otochuni nayo inaivuta noti iliyopotea njia irudi barabarani.

Zamani kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa mtambo wa chuma, wa bei ya kukata pumzi. Mambo yalianza kugeuka 1996, kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipoleta mfumo wa VST ndani ya Cubase. Mwaka uliofuata Andy Hildebrand, mhandisi aliyewahi kutumia mawimbi ya sauti kusaka mafuta ardhini, akatoa Auto-Tune. Desemba hiyohiyo ya 1997 Wabelgiji wa Image-Line wakatoa FruityLoops, ambayo tangu 2003 inaitwa FL Studio. Ndiyo maana leo kijana wa Ndanda anaota kufika alikofika Harmonize, mtoto wa mkoa huuhuu wa Mtwara aliyeanzisha Konde Music Worldwide mwaka 2019. Kuota si kosa. Kosa ni kuota huku umezima antivairasi.

UMEINSTOLI, HAIONEKANI!

Hiki ndicho kilio cha wengi. Kabla hujaitukana kompyuta, kagua haya moja baada ya jingine.

Kwanza, mahali. Kwenye Windows, plagini za VST3 zina nyumba yao maalumu: folda ya VST3 ndani ya Common Files, iliyomo ndani ya Program Files. Ziache hapohapo. Zile za zamani za VST2, ambazo faili lake huishia na dll, hazina nyumba moja. Kila kampuni inaziweka inakotaka. Chagua folda moja, ziweke zote humo, kisha ielekeze programu mama kwenye folda hiyo.

Pili, biti. Plagini ya biti 32 na programu ya biti 64 ni kama mtu wa bara na wa pwani wasio na mkalimani. FL Studio na Reaper wana mkalimani wao, lakini Cubase tangu toleo la 9 la mwaka 2016 inakubali biti 64 tu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya 64.

Tatu, msako. Programu mama haijui kwamba mgeni ameingia mpaka uiambie ipekue. Fungua ukurasa wa kusimamia plagini, bonyeza pa kutafuta upya, na uiambie irudie hata zile zilizokataa mara ya kwanza. Mara nyingi hapo ndipo shida inapokwisha.

Nne, kiungo kilichopungua. Plagini nyingi za Windows zinahitaji kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++. Kipo bure kwa Microsoft wenyewe. Kiinstoli kisha jaribu tena.

Na kama programu mama inazimika yenyewe kila ukiifungua, ziondoe plagini mpya kwenye folda, ifungue, kisha zirudishe moja moja. Ile itakayoiangusha ndiyo mchawi wako.

INAKWARUZA KAMA REDIO MBOVU

Hapa mchezo uko kwenye bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakishika kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 128, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 3. Mwimbaji anajisikia papo hapo, lakini kompyuta inahema. Ya 512 ni kama milisekunde 12; kompyuta inapumua. Kwa hiyo rekodi kwa ndogo, miksi kwa kubwa. Tumia pia draiva ya ASIO. Kama kadi yako ya sauti haina ya kwake, ASIO4ALL ni ya bure.

Halafu kuna hili la umeme. Ukikatika na laptopu ikaingia kwenye betri, mara nyingi inapunguza nguvu ili isimalize chaji, na mkwaruzo unaanza. Wengi hulaumu plagini bure.

VYA BURE VIPO!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ule wizi haukuwa na sababu. ReaPlugs wanatoa kompresa, ikwalaiza na dilei bila senti. Valhalla Supermassive ni ya mwangwi, nayo ya bure. Ukitaka kunyoosha sauti kuna MAutoPitch ya MeldaProduction na Graillon ya Auburn Sounds yenye toleo la bure. Zichukue kwa wenyewe waliozitengeneza, si kwenye flashi ya kijiweni. Na kila ukimaliza kurekodi, nakili kazi kwenye diski nyingine, chomoa, weka kabatini. Sauti mbichi kwanza, mbwembwe baadaye.

Bibi alirudi, jamani. Prodyuza alimpigia magoti, akalipa nauli za kikundi kizima kutoka mfukoni mwake. Safari hii alinakili kazi mara mbili kabla akina mama hawajatoka mlangoni. Kisha akamsikilizisha bibi wimbo uliopakwa otochuni. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyo anaimba vizuri," akasema. "Lakini si mimi."

Otochuni ikatolewa. Ikabaki rivabu kidogo tu, kama mtu anayeimba chini ya mwembe jioni kukiwa kimya. Mimi nilikuwepo, na nakwambia nywele zilinisimama.

Plagini ni kiungo, mshkaji wangu, si nyama. Haya, tukutane juma lijalo.