Nafasi Wazi za Oksijeni na Mipaka ya Punje katika Elektrolaiti ya Zirkonia

Katika seli ya fueli ya oksidi mango, elektrolaiti ni utando wa kauri unaotenganisha hewa na fueli. Kazi yake ni kupitisha ayoni za oksijeni na kuzuia elektroni, ili elektroni zipite katika waya wa nje na kutumika kama umeme. Kauri iliyozoeleka, yaani zirkonia yenye itria, hutumika kati ya nyuzi 800 na 1000 za Selsiasi. Joto hilo huchakaza seli na kulazimisha matumizi ya viunganishi vya gharama kubwa. Ndiyo maana watafiti wengi wanajitahidi kulishusha.

Kila ayoni mbili za itriamu zinapochukua nafasi ya ayoni mbili za zirkoniamu, nafasi moja ya oksijeni hubaki wazi, na ayoni za oksijeni husafiri kwa kuruka kuingia katika nafasi hizo. Ingetarajiwa kwamba itria ikizidi, upitishaji nao uzidi. Sivyo. Upitishaji hufikia kilele itria ikiwa takribani asilimia 8 ya moli, kisha hushuka, kwa kuwa nafasi wazi hunaswa karibu na ayoni ngeni. Skandiamu, ambayo ukubwa wa ayoni yake unakaribiana na wa zirkoniamu, hupunguza kasoro hiyo, lakini ni adimu na ghali. Seria yenye gadoliniamu hufaa hata kwenye nyuzi 500 hadi 600. Hata hivyo, upande wa fueli sehemu ya seriamu hupokea elektroni, elektroni hupenya utando, na volteji hupungua.

Suala linalopewa uzito mdogo kuliko linavyostahili ni usafi wa poda. Silika kidogo tu hujikusanya kwenye mipaka ya punje kama utando wa kioo unaozuia ayoni. Ukinzani wa mipaka hiyo hukua haraka kuliko ule wa ndani ya punje joto linaposhuka. Kwa hiyo anayelenga joto la chini ndiye anayeathirika zaidi. Alumina kidogo husaidia kwa kuinasa silika. Kipimo cha impedansi hutenganisha sehemu hizo mbili za ukinzani, mradi kifanyike kwenye joto la chini kiasi. Tasnifu inayotoa tarakimu moja ya jumla haimwezeshi msomaji kujua kama kilichoboreshwa ni fuwele yenyewe au ni poda safi zaidi.