Programu huria zinazolinda mitambo ya kampuni

Jumamosi ya tarehe 31 Mei 2008, mlipuko wa umeme ulibomoa kuta tatu za chumba cha umeme katika kituo cha kuhifadhi data cha kampuni ya The Planet mjini Houston, jimboni Texas. Hakuna aliyejeruhiwa. Hata hivyo, seva zipatazo 9,000, yaani kompyuta zinazoendesha tovuti na barua pepe, zilizimika kwa mkupuo, na wateja wapatao 7,500 wakaathirika. Jenereta za akiba zilikuwapo, lakini kikosi cha zimamoto kiliagiza zisiwashwe kwa sababu za usalama.

Kwa mwenye kampuni ndogo huko Missouri City, mji ulio kusini magharibi mwa Houston, swali katika saa kama hiyo ni moja: nani atamjulisha kwanza, mitambo yake mwenyewe au mteja mwenye hasira?

Kazi hiyo ya kujulisha hufanywa na programu za uangalizi, na zilizo maarufu miongoni mwake hazilipiwi leseni. Nagios ilianzishwa na Mmarekani Ethan Galstad mwaka 1999 ikiitwa NetSaint. Zabbix ilitolewa mwaka 2001 na Alexei Vladishev wa Latvia. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote aweza kuurekebisha. Ndivyo ilivyozaliwa Icinga mwaka 2009, baada ya baadhi ya wachangiaji wa Nagios kuamua kwenda njia yao. Jina hilo ni la Kizulu, na maana yake ni kutafuta au kukagua.

Kila baada ya dakika chache programu huiuliza kila seva: tovuti inafunguka? Diski imejaa kiasi gani? Isipojibiwa mara ya kwanza hainyanyui sauti, kwani mtandao huweza kukwama kwa sekunde chache tu. Hurudia mara kadhaa, kisha humtumia fundi barua pepe au ujumbe wa simu. Nagios huweza pia kuelezwa ni kifaa kipi kilicho nyuma ya kipi, ili kifaa kinachounganisha mtandao kikizimika, fundi aarifiwe juu ya hicho badala ya kupokea jumbe hamsini za mashine zilizo nyuma yake. Kupanga hayo yote ndiyo gharama halisi. Fundi anayeamshwa bure kila usiku huishia kuzima simu.

Lakini programu iliyowekwa ndani ya jengo lile lile la seva huzimika pamoja nazo, na ukimya wake hufanana na amani. Kwa hiyo mafundi huweka nakala ya pili mbali, tuseme Dallas, zaidi ya kilomita 350 kutoka Houston. Kwa kuwa leseni ni bure, nakala hiyo huhitaji mashine moja tu ya bei nafuu.

Tarehe 13 Septemba mwaka huo huo wa 2008, kimbunga Ike kiliipiga pwani ya Texas, na zaidi ya wateja milioni mbili wa umeme katika eneo la Houston wakabaki gizani. Nakala iliyo Dallas ingeweza kumjulisha fundi siku hiyo pia, mradi simu yake ilikuwa bado na chaji.