Ghala la Hei na Tumbo la Farasi: Majira ya Kuchipua Yanapochelewa

Katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, mfugaji wa farasi huugawa mwaka mafungu mawili. Kuanzia Aprili au Mei wanyama wake hula nyasi mbichi malishoni. Wakati wa baridi hula hei, yaani nyasi zilizokatwa katika majira ya joto, zikakaushwa kwa jua na kuwekwa ghalani. Akiba hiyo hukadiriwa kwa kutumaini kwamba malisho yatachipua kwa wakati wake. Je, yasipochipua?

Jambo hilo liliwakuta wafugaji wa Ireland na Uingereza mwaka 2013. Majira ya joto ya mwaka 2012 yalikuwa na mvua nyingi, hivyo hei iliyovunwa ilikuwa haba na hafifu. Kisha baridi ikakawia kuondoka. Nchini Uingereza, mwezi wa Machi 2013 ulikuwa na baridi kuliko Machi yoyote tangu mwaka 1962. Huko Ireland maghala mengi yalikwisha kabla nyasi hazijaota, ikabidi chakula cha mifugo kiagizwe kutoka Uingereza na Ufaransa, na serikali ikachangia gharama za kukisafirisha. Mwaka 2018 upungufu wa namna hiyo ulirudi tena.

Sababu yake ni ya kisayansi. Nyasi za nchi hizo huanza kukua udongo unapofikia nyuzi joto 5 au 6 hivi za Sentigredi. Chini ya hapo, hata jua likiwaka, majani mapya hayarefuki. Mfugaji hawezi kuuamuru udongo upate joto. Awezalo ni kulielewa tumbo la mnyama wake na kuipima akiba yake.

Tumbo lisilopenda mabadiliko

Ng'ombe hucheua, na nyuzinyuzi za majani humeng'enywa tumboni mwake kabla ya kufika utumboni. Farasi hacheui. Ana tumbo moja dogo lenye ujazo wa lita 8 hadi 15 tu. Kazi ya kuzivunja nyuzinyuzi hufanyika mwishoni mwa safari ya chakula, katika utumbo mpana uwezao kubeba zaidi ya lita 100. Humo wamo bakteria wasiohesabika ambao huzichachua nyuzinyuzi na kutoa asidi nyepesi za mafuta. Asidi hizo hufyonzwa na kumpa farasi nguvu, na uchachuaji wenyewe hutoa joto linalomsaidia kuhimili baridi.

Tena, tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, lakini mate yake hutoka atafunapo tu. Mate ndiyo yanayopunguza ukali wa asidi hiyo. Kwa hiyo farasi akaaye saa nyingi bila kutafuna yumo hatarini kupata vidonda vya tumbo.

Kutokana na maumbile hayo, nafaka haiwezi kushika mahali pa majani. Mfugaji aliyeishiwa hei hushawishika kununua shayiri, kwa kuwa gunia moja lina nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Lakini wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba, huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria wapendao wanga huzaliana kwa kasi na kutoa asidi ya laktiki, na wale wa nyuzinyuzi hufa. Farasi huweza kushikwa na msokoto mkali wa tumbo, au ugonjwa wa kwato ambao hulegeza tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Magonjwa yote mawili huweza kumwua.

Hesabu ya ghalani

Farasi mwenye afya huhitaji kwa siku majani makavu yapatayo asilimia 2 ya uzito wake, na kwa kawaida haifai kushuka chini ya asilimia 1.5. Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye farasi wanne, kila mmoja akiwa na kilo 500. Kwa asilimia 2, kila farasi hula kilo 10, nao wanne hula kilo 40 kwa siku. Akiba ya kilo 1,200 itadumu siku 30.

Tuseme sasa malisho yatachelewa hata siku ya 50. Mfugaji akiona dalili siku ya kwanza na kupunguza posho hadi asilimia 1.5, atatumia kilo 30 kwa siku, yaani kilo 1,500 kwa siku zote 50. Atapungukiwa kilo 300 tu, naye anao muda wa kuzitafuta. Akisubiri mpaka siku ya 20, atakuwa amebakiwa na kilo 400 kwa siku 30, na kila farasi atapata kilo 3 na kitu kwa siku. Ghala ni lile lile na farasi ni wale wale. Kilichotofautiana ni siku ya kupima.

Pengo hilo hujazwa kwa vyakula vingine vyenye nyuzinyuzi. Makapi ya viazi-sukari yaliyokaushwa hufaa sana, ila lazima yalowekwe kwanza. Mabua safi ya ngano au oti huweza kuchanganywa na hei kwa sehemu ndogo, maji ya kunywa yakiwa tele, kwani mabua mengi huziba utumbo. Kila chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10, ili bakteria wapate kukizoea. Hei yenye ukungu huharibu mapafu, na sileji iliyoharibika huweza kuwa na sumu ya botulizimu, ambayo farasi huathiriwa nayo upesi.

Hatari ya malisho mapya

Nyasi zinapochipua hatimaye, tahadhari haijakwisha. Katika siku za jua na baridi, jani huendelea kutengeneza sukari, lakini kwa kuwa halikui, sukari hiyo hulimbikizwa ndani yake. Farasi aliyeshinda na njaa akifunguliwa ghafla katika malisho hayo huweza kupatwa na ugonjwa ule ule wa kwato. Nayo malisho yakiliwa kabla ya kufikia urefu wa sentimeta 15 hivi, mizizi hukosa akiba na nyasi huchelewa zaidi. Hivyo farasi huanza kwa muda mfupi kila siku, huku akiendelea kupewa hei.

Kwa mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki, somo hili halipo mbali. Punda avutaye mkokoteni au abebaye maji ni wa jamii moja na farasi, na utumbo wake hufanya kazi kwa namna ile ile, ingawa huridhika na majani makavu zaidi na kwa kiasi kidogo zaidi. Mvua za masika zinapochelewa, mwenye punda hukabiliwa na swali lile lile la mfugaji wa Ireland: kimebaki kiasi gani, na ni kwa siku ngapi? Mizani na kalamu hutoa jibu, mradi vitumike wakati ghala bado lina kitu.